Bamba Lililokataa Kufa

Injinia Nathan Mnyampanda alikuja asubuhi, upepo wa Singida ukiwa umeshazishika feni za juu ya mapaa, na kitu cha kwanza alichokiona uani kwetu ni wanawake walioinama juu ya majivu ya alizeti, wakiyachuja kwa maji ndani ya vyungu vilivyotobolewa.

"Mnatengeneza magadi?" aliuliza.

"Tunaoga," mama mdogo Mwamvua alimjibu kutoka kwenye mkeka wake. "Kwani huoni?"

Wanawake walicheka. Nathan naye alicheka, maana hakuwa na njia nyingine. Yeye ni Mnyiramba na sisi ni Wanyaturu, na mtani hakasirikiwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umetoka Kiomboi kwa miguu, au siku hizi Tonesafi wanawapa punda?"

"Wamenipa gari, mama."

"Mbona halijanguruma? Au nalo limekwisha pumzi kama mimi?"

Alisema hivyo akagusa mrija uliokuwa puani mwake, kama mwanamke mwingine anavyogusa hereni. Mrija huo ulikwenda hadi kwenye mfuko wa mpira uliotundikwa ukutani, na kutoka kwenye mfuko hadi kwenye birika. Tangu kuni na mkaa vipigwe marufuku, kila nyumba mkoani ina birika la kampuni ya Tonesafi: sanduku la kijivu lenye mabamba ndani, limekaa kwenye maji makali ya chupa. Feni inaleta umeme, umeme unayapasua maji, hidrojeni inakwenda jikoni, na oksijeni watu huiachia ipotee. Kwetu haikupotea. Mama mdogo alisimama miaka mingi mbele ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lilimkaa mapafuni likakataa kutoka. Oksijeni ile ndiyo iliyomweka hai na kumwachia ulimi wake.

Nathan alivua ufunguo wake shingoni. Ni kipande cha chuma chenye ukubwa wa kijiko, na bila hicho kifuniko cha birika hakifunguki hata ukikipiga shoka.

"Mwasiti," aliniambia kwa sauti ya chini, "mabamba ya nyumba hii hayajabadilishwa misimu mingi mno. Makao makuu Dodoma wanadhani kifaa cha kupimia kimeharibika."

"Na wewe unadhani nini?"

"Mimi nilisoma na wewe. Sidhani. Naogopa."

Nilimwacha afungue. Ningeweza kumzuia mlangoni, lakini nilikuwa nimechoka kuficha, na kwa kusema kweli nilitaka mtu mmoja duniani anayejua kemia aione kazi yangu.

Alilitoa bamba moja kwa koleo akalishika juani. Mabamba ya Tonesafi yakitoka kiwandani ni meupe kama sahani ya harusi, na yakifika mwisho wa msimu yamekuwa membamba, yana matundu, hayapasui kitu. Hapo taa ya manjano inawaka, na mwenye nyumba anakwenda kwa wakala kutafuta mengine. Bamba letu lilikuwa na rangi ya ugoro, nzito, iliyotulia. Nathan alilikwaruza kwa ukucha, akalirudisha kwenye maji makali, akaliunga na umeme. Mapovu yalipanda kwa haraka, madogo madogo, bamba zima.

Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama pipa la kutu ambalo wanawake walikuwa wakimiminia maji ya majivu.

"Chuma," alisema. "Umetia chuma."

"Sikukitia. Kilijitia chenyewe."

Nitaeleza, maana jambo lenyewe si gumu kama Tonesafi wanavyopenda lionekane. Maji ni ndoa ngumu. Hidrojeni na oksijeni hazitaki kuachana, na ukizilazimisha kwa umeme mtupu utapoteza umeme mwingi bure. Kwa hiyo unaweka kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga, ila huyu kazi yake ni kuvunja: anaingia kati, anawatenganisha, anatoka mzima, anakwenda kwa wengine. Shida ni kwamba hatoki mzima. Kila anapoingia anapoteza kipande. Yapo madini adimu yanayovumilia, lakini ni adimu kweli, ukiweka bamba lake kwenye kila nyumba ya Singida utayamaliza kabla hujavuka kwenda Tabora. Inabaki nikeli, ambayo inapatikana lakini inachakaa.

Mimi na Nathan tulikaa miaka kwenye maabara ya Tonesafi kule Dodoma tukijaribu kuizuia isichakae. Tuliamini adui ni uchafu. Tuliyachuja yale maji makali, tukayachuja tena, mpaka hata chembe moja ya chuma ikawa haipatikani. Nikeli ikaendelea kufa. Siku moja niliuliza kwenye kikao kwa nini umri wa bamba umeandikwa kwenye mpango wa mauzo kabla sisi hatujamaliza kuupima, na haukupita muda nikawa sina kazi. Nikarudi nyumbani. Maji makali ya chupa sikuweza kuyapata, basi nikachuja majivu ya mabua ya alizeti kama tunavyochuja siku zote kwa ajili ya mlenda, nikayachemshia kwenye pipa ambalo mama mdogo alilibeba kutoka karashani. Kutu ikaingia majini, nami nikayamimina birikani kwa tundu la kujazia. Na ile kutu, tuliyokuwa tukiiwinda kule Dodoma kama panya, ikaenda kukaa pale pale nikeli ilipochubuka, ikafanya kazi kuliko nikeli yenyewe, ikadondoka, ikayeyuka, ikarudi. Bamba lilikuwa linajitibu. Alimradi kuna kutu kidogo majini, halina sababu ya kufa. Kosa letu Dodoma lilikuwa usafi.

Nathan alielewa yote hayo kabla sijafungua mdomo. Alifunga kifuniko, akauvaa tena ufunguo shingoni, akakaa kwenye kigoda, akafuta miwani yake kwa shati.

"Nani mwingine anajua?"

"Wanajua linafanya kazi. Namna ya kulitengeneza sijawaambia. Wakiniomba, nawaambia bado."

"Bado kwa nini?"

Alijua kwa nini, na nilimchukia kwa kujua.

"Kwa sababu ya utando," alisema. "Kwa sababu ya Lusajo."

Lusajo alikuwa mwenzetu maabara. Katikati ya mabamba mawili kuna utando, kitambaa kinachozuia gesi hizi mbili zisikutane. Zikikutana ndani ya sanduku, cheche moja tu inatosha. Siku ile utando ulichanika, Lusajo akatoka mle chumbani akiwa hai, lakini hajaona jua tena mpaka leo.

"Nisikilize," Nathan alisema. "Mabamba yetu yanakufa kabla utando haujachoka. Wakubwa wanafanya vile kwa faida yao, sikatai. Lakini ni breki pia. Birika linazima, mtu anakwenda kwa wakala, wakala anabadilisha vyote. Wewe umetengeneza gari lisilochoka, ukang'oa breki. Ukiwapa watu bamba lisilokufa, nani atakumbuka utando? Mwaka wa kwanza watakusifu. Mwaka wa tatu nyumba ya mtu itaruka na watoto ndani. Utakwenda kwenye matanga yao useme nini?"

Wanawake walikuwa wameacha kuchuja. Mama Sungi, jirani yetu wa upande wa mawe, alijifuta mikono kwenye kanga akasogea asikie vizuri.

"Na wewe umekuja na nini?" nilimuuliza.

Alitoa kishikwambi kwenye mkoba. Tonesafi walikuwa wanataka mabamba, pipa na maelezo yote. Nikiweka kidole gumba, nimekubali kutosema tena. Wao watampa mama mdogo kitanda kwenye hospitali kubwa Dodoma, na oksijeni mpaka siku yake ya mwisho.

"Na bamba watalifanyia nini?"

"Watalifungia kabatini," alisema. Sifa yake moja ni kwamba hajui kudanganya akiwa ameketi.

Hapo hapo taa ya birika ikawa nyekundu. Ule mvumo wake, ambao masikio yetu yaliuzoea mpaka hatuusikii, ukakatika, na sote tukausikia kwa kutokuwepo kwake. Feni juu iliendelea kuzunguka bure.

"Nathan, umefanya nini?"

"Si mimi. Nilipofungua kifuniko, lenyewe limewaarifu Dodoma. Wao ndio wamefunga." Alikuwa amesimama, uso umemshuka. "Ukiweka kidole watalifungua papo hapo. Mwasiti, mfuko ule una kiasi gani?"

Nilitazama mfuko wa mpira ukutani. Ulikuwa umeanza kujikunja tumboni.

Nitasema ukweli. Kwa wakati ule sikuwa na uchungu na mkoa wala na dunia. Mama alinifia nikiwa sijaota meno ya pili, na huyu aliyelala kwenye mkeka ndiye aliyenilea kwa vumbi lile lile lililokuwa likimuua. Ningewapa Tonesafi bamba, pipa na kidole chenyewe wakikitaka. Nilichukua kishikwambi.

"Mwasiti," mama mdogo aliita. "Kabla hujaweka. Nina swali kwa mtani wangu."

"Mama mdogo, usiongee, tunza pumzi."

"Pumzi ni yangu." Akamgeukia Nathan. "Umesema gesi hii inaua. Nimesikia. Nimekubali. Karasha nalo linaua?"

"Linaua, mama."

"Walijua?"

"Walijua."

"Mbona hawakulitia kufuli?" Alipumua, akasubiri, akaendelea. "Nilisimama pale mpaka nywele zikabadilika rangi. Hakuna aliyekuja na ufunguo shingoni akaniambia mama, nakuonea huruma, nazima hii mashine. Leo nimepata kitu changu kinachonifaa mimi, ndiyo mmekumbuka kwamba naweza kufa?"

Mama mdogo aliuvua mrija puani. Aliuvua taratibu, akaukunja, akauweka chini ya paja lake kama anavyouficha ugoro wageni wakija.

"Weka kidole chako, mwanangu," aliniambia. "Halafu watafungua, na mimi sitauvaa. Pumzi yangu haiwekwi rehani na mtu. Hata na wewe."

"Mama mdogo, urudishe!"

"Sirudishi."

Nilipiga magoti, nikamshika mkono nijaribu kuutoa ule mrija, akanizaba kofi. Hakuwa na nguvu lakini kofi lilikuwa la kweli. Midomo yake ilikuwa imeanza kuiva rangi mbaya. Nathan aliinama naye, akimbembeleza, mama, tafadhali, mama, na ufunguo ukining'inia shingoni mwake juu ya kifua cha mgonjwa. Mama mdogo aliudaka, akauvuta, kamba ikakatika.

"Nimeuchukua kwa utani," alisema, akitazama wale wanawake mmoja mmoja. "Mmeona?"

"Tumeona," walisema.

Mtu wa mbali hataelewa. Mtani akikuchukulia kitu mbele ya watu, humnyang'anyi. Unakikomboa wakati atakaotaka yeye, na ukikasirika wewe ndiye kichekesho cha kijiji. Nathan alikuwa na nguvu za kumfungua yule mama vidole kwa mkono mmoja. Alisimama pale na mikono yake mirefu, akamtazama, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Mama mdogo alinitupia ufunguo.

Hapo ndipo nilipoamka. Kufuli ya Tonesafi iko kwenye sanduku, kwenye waya unaoingia sandukuni. Ndani ya bamba hakuna kufuli. Bamba halijui nani amesaini.

"Ndoo!" nilipiga kelele. "Nileteeni ndoo za plastiki, na chupa za maji, na viroba. Mwenye jiko linalowaka akalizime sasa hivi, hata kama maharage hayajaiva!"

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Ndoo moja isingetosha: umeme wa feni ukiutia wote kwenye maji ya ndoo moja, mwingi unageuka joto. Ila ukiuzungusha kutoka ndoo hadi ndoo, kila moja na mabamba yake mawili, kila moja inatoa sehemu yake. Nilifungua kifuniko, nikayatoa mabamba yote. Mama Sungi alimimina maji ya majivu kutoka kwenye pipa, nikimwambia angalia macho, angalia macho, yale yanachoma. Nilitia kipande cha kiroba kati ya kila mabamba mawili, nikazikata chupa vitako nikazifunika juu ya kila bamba la upande wa oksijeni, zikaizuia gesi yake isichanganyike na nyingine. Hidrojeni niliiachia upepo, na upepo wa kwetu hauhitaji kuombwa mara mbili. Nathan alikuwa bado amesimama.

"Waya wa feni uko nyuma ya nyumba," nilimwambia. "Utaniunganishia au utatazama?"

Alikwenda. Sijui alifikiria nini njiani, lakini aliporudi alikuwa ameshika waya, ameshauchuna kwa meno.

Tuliunga. Ndoo zilianza kuchemka kwa mapovu, moja baada ya nyingine, uani kote. Nilikusanya mirija, nikaipitisha kwanza kwenye chupa ya maji safi isije ikambebea yale makali kooni, nikauvuta mrija wa mama mdogo kutoka chini ya paja lake. Alikuwa amefumba macho. Sasa hakuwa na nguvu za kunizaba. Niliuweka puani, nikamkalisha nikamwegemeza kifuani pangu, nikasubiri, nikimtukana kimoyomoyo kwa matusi yote aliyonifundisha mwenyewe.

Simu ya Nathan ililia. Aliipokea akiwa ametazama ndoo.

"Ndiyo, mkuu... Hapana, hajaweka kidole... Ufunguo sinao, umechukuliwa na mtani." Alisikiliza. "Mkuu, wewe ni mtu wa wapi? Basi huwezi kuelewa. Siwezi kumnyang'anya." Akakata.

Mama mdogo alifumbua jicho moja.

"Kazi huna tena," alimwambia.

"Najua, mama."

"Utachuja majivu. Wanyiramba mna mikono mizuri, ila hamna akili."

Nililia basi, kwa sauti, mbele ya watu, sikuona haya.

Nilipomaliza kulia, niliona wanawake wamezizunguka ndoo. Walikuwa wanahesabu waya, wanapima kwa vidole umbali kati ya bamba na bamba. Mama Sungi alikuwa amechukua kipande cha kiroba akikishika juani. Hapakuwa na siri tena. Kesho kila ua ungekuwa na ndoo zake, na kesho kutwa mtu angeziingiza ndani kwa sababu ya mvua.

Nathan alikuwa ameliona hilo pia. Alinitazama tu, na nilijua anamwona Lusajo.

Nilimwachia mama mdogo mto, nikachukua bakuli la sabuni na mrija mmoja mrefu. Nilizichanganya gesi mbili kwa makusudi, kidogo sana, nikazipuliza kwenye maji ya sabuni mpaka likaumuka povu la kujaa kiganja. Nililibeba bakuli nikaenda nalo mbali, nyuma ya lile jabali kubwa mwisho wa kiwanja. Wanawake walinifuata. Niliwaambia wasimame mbali zaidi, kisha mbali zaidi. Nikafunga njiti ya kiberiti kwenye ncha ya bua refu la alizeti, nikaiwasha, nikaisogeza.

Mlio ule ulipiga mawe ukarudi. Mbuzi walikata kamba. Bakuli lilipasuka vipande viwili, na masikio yangu yakawa yanalia peke yake. Mtoto wa mtu alianza kulia mgongoni.

"Hilo lilikuwa povu la kiganja," niliwaambia. "Birika zima ni mara mia. Kinachozuia ni kitambaa. Nimejaribu viroba vya pumba, vitatu vikishonwa pamoja vinazuia, lakini vinachoka. Kila mavuno ya alizeti mtavichoma, mtashona vipya, hata kama mnaona vya zamani ni vizima. Nyumba itakayosahau itakufa, na itaondoka na ya jirani. Tonesafi watasema niliwaua mimi, na watakuwa na haki ya kusema. Sitawafundisha bamba kabla kila mmoja wenu hajashona utando mbele ya macho yangu, nikaupima, nikaukataa, akashona tena. Kila mwaka tutakagua, nyumba hadi nyumba, na atakayekataa kukaguliwa tutamvunjia ndoo zake sisi wenyewe."

Mama Sungi alikuwa ameshika sikio lake.

"Anayeogopa aende," nilisema. "Si aibu. Mimi mwenyewe naogopa. Akachukue ndoo yake, tutatafuta nyingine ya kuweka pale."

Tulirudi uani pamoja. Walisimama juu ya ndoo zao, kila mmoja akiitazama ya kwake ikichemka, na mama mdogo akawa anawatazama wao, mrija puani, hasemi neno, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mama Sungi aliinama. Alishika mkono wa ndoo yake, akaisogeza kidogo, ikae sawa, isije ikapinduka. Kisha akaketi kando yake, akaniuliza sindano iko wapi.